Kata Kwanza, Pro Baadaye

Songa hapa kwa base, kuna story inafaa kubongwa. Ni hizi app ndogo za kuedit video: zenye ni za bure, zenye zinajifanya ni za bure, na zenye zinamega doh yako kila mwezi ukiwa umelala.

Mtaani saa hii kila mtu ni editor. Msee wa smokie ako na page. Makanga ako na page. Dem wa saluni pale chini ya ploti anapost braids na slow motion, na manze zinaweza. Wote wanatumia vitu ndogo tu: CapCut, InShot, KineMaster, VN, na tangu Aprili 2025 Edits, ile ya Instagram. Hakuna studio. Hakuna kompyuta ya kunguruma. Ni Tecno, ni Infinix, ni itel ya kushare na siste, na mtoi ameketi kwa ngazi za ploti akisukuma klipu na kidole gumba.

Wazae wanasema huo ni mchezo. Mzae wa mtaa lazima akuulize, "Na hiyo simu itakuandika kazi lini?" Cheki ni nani anauliza. Huyo mzae ako na kanda ya harusi yake ya miaka ya tisini, na ndani kuna njiwa za kompyuta zinapita juu ya uso wa bibi harusi, halafu jina lake linazunguka mara tatu ndio litulie. Alilipia hizo njiwa. Pesa ya ukweli. Usiruhusu mtu wa njiwa akufunze taste.

Msimamo wangu ni huu, na sisongi: app ndogo inatosha. Ujue tu kukata, ujue kusikiza, na ujue pale itakuangusha kabla ikuangushe. Kununua Pro na hujui kukata ni kuchoma picha kwa bei ghali.

Kuna watu wanafikiria CapCut ndio ilileta kuedit duniani, so wacha nikurudishe nyuma kidogo. Apple walitoa iMovie 1999. Microsoft wakaleta Windows Movie Maker 2000, ikaingia kwa kila kompyuta ya XP, na kama ulipitia cyber yoyote Kanairo enzi hizo ilikuwa hapo kwa menu, imelala, hakuna mtu anaigusa. Movie Maker ilikuwa na laini moja ya video. Moja. Ukitaka picha juu ya picha, pole. Zile za zamani zilikuwa zinachomoa faili ya WMV, na simu nyingi zilikuwa zinaikataa. Lakini ilikuwa ya bure kabisa, haikuandika jina lake juu ya kazi yako, na kukata ungeshika kabla lisaa la cyber liishe.

Microsoft wakaizika Januari 2017. Sasa cheki uhuni. Novemba ya huo mwaka, ESET, wasee wa usalama wa kompyuta, walianika tovuti feki ya Movie Maker yenye ilikuwa imepanda juu kabisa kwa Google. Unadownload, unaedit poa, unafika kusave, inakushow ulipe dola 29.95. Kwa kitu ilikuwa ya bure! Mi hukumbuka hiyo story kila nikiona mtu amemaliza kazi yote, amechoka, ni saa nane usiku, ndio app inamwambia hiyo efekti ya sekunde ya nne ni ya kulipia. App halali pia zimejua pale mtu huwa hana nguvu ya kubishana. Ni mlangoni, ukitoka.

Na usiniambie programu ndogo haiwezi kutoa kitu kubwa. Kuna jamaa wa Marekani anaitwa Jonathan Caouette. Alichukua kanda za familia yao, mapicha, na sauti za watu kwa mashine ya simu, akashona yote kwa iMovie, ile inakuja na Mac bila kulipa. Filamu inaitwa Tarnation, ya 2003. Bajeti yenye ilitangazwa ni dola 218, kwa rate ya sasa ni kama thao 28. Hiyo ni simu moja ya kati pale Luthuli. Filamu ikaenda Sundance 2004.

Ama Parasite, ile ya Korea ilibeba Oscar ya filamu bora 2020 na kila mtu kwa mbogi akajifanya aliiona mapema. Hiyo waliedit na Final Cut Pro 7. Apple waliachana na hiyo kitu 2011! Editor wake Yang Jin-mo alikuwa anaijua, akabaki nayo, akatajwa kwa Oscar ya editing. Na wewe hapa unalia juu simu yako haijaupdate.

Lakini mwenye anani-inspire zaidi ako hapa jirani. Kampala, mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana, msee wa Wakaliwood, alitoa Who Killed Captain Alex? 2010 na pesa inasemekana ni kama dola 200. Kompyuta alikuwa anazishona mwenyewe na vipande vya zingine. Risasi zote na helikopta ziliingizwa baadaye, na ukiangalia hiyo helikopta unajua kabisa sio ya jeshi. Lakini nani anajali? Trela iliingia YouTube Januari 2011 na dunia nzima ikachizi. Kama umelelewa na movie za DJ Afro kwa kibanda, unajua mbona: story ikishika na sauti ikibonga na wewe, macho inasamehe. Shika hiyo, tutairudia.

Sasa tuingie kwa aibu. Watamaki.

Buda, hakuna kitu inaniuma kama video kali, luku safi, mwanga wa jioni umekubali, halafu juu kwa kona kuna jina la KineMaster limekaa hapo mwanzo mpaka mwisho. KineMaster yenyewe ni moto. Kutoka Korea, leya kibao, inaweza kutoa ule ukuta wa kijani na kukuweka mbele ya chochote. Lakini ukiitumia bure inakupiga chapa. InShot pia inakaa pale chini kwa kona, ila InShot ni muungwana kidogo: gusa ile logo, ona tangazo moja, inatoka. Tangazo moja! Na bado kuna wasee wanapost nayo. CapCut yenyewe inabandika mkia wa logo mwisho wa video, na huo mkia unafutwa na kidole kimoja. Kuna msee hapa mtaani alipost video ya kuomba dem wake msamaha. Piano, machozi, mvua kwa dirisha, kila kitu. Mwisho, badala ya jina la dem, ikaingia logo ya CapCut. Dem hakurudi. Hata mi singerudi.

VN haina hiyo stori, inachomoa video safi bure. Edits pia safi. Na sio urembo tu. Februari 2021 Instagram walisema wazi kwamba Reels zenye zina logo ya app ingine hazitasukumwa sana kwa watu. So ile logo ya TikTok inaruka ruka kwa video umeibeba kutoka kule inakukula views. Toa video bila chapa, weka kwa galeri, ndio sasa upost kila mahali.

Na hapa lazima nikae serious dakika moja. Najua unajua ile grupu ya Telegram. Ile ya "KineMaster Pro unlocked, no watermark", APK imekaa hapo inakuita. Zii. Achana nayo. Hujui nani aliifungua na aliweka nini ndani kabla aifunge. Unaipatia ruhusa ya faili zako, ikikuomba kusoma SMS unabonyeza "sawa" juu una haraka. Fikiria kenye kiko kwa SMS zako. M-Pesa iko kwa hiyo simu. Fuliza iko kwa hiyo simu. Namba za benki zinaingia hapo hapo. Umekwepa kulipa Pro ya mwezi mmoja, na umemfungulia stranger mlango wa keja yote. VN ni ya bure na iko kwa Play Store. Mbona ujiweke hivyo?

Tubonge CapCut sasa, juu hiyo ndio mfalme wa mtaa. Ni ya ByteDance, wenye TikTok. Kule China ilianza 2019 na jina JianYing, ikatoka nje 2020 kama ViaMaker, halafu ikawa CapCut. Kwa kukata, hakuna app ya simu rahisi kuliko hiyo. Spidi unaipinda unavyotaka. Keyframe, yaani zile alama za kusogeza kitu kutoka hapa mpaka pale, ziko. Kutoa background, iko. Inaskia beat ya ngoma na kukuwekea madoa pale pa kukata. Vitu zenye zamani ulikuwa unahitaji kompyuta ya mtu tajiri.

Lakini imebadilika tabia. Wakati inaingia karibu kila kitu kilikuwa bure. Siku hizi kila mwezi kitu ulikuwa umezoea unapata imevaa alama ya Pro. Inaanza na efekti, inaenda kwa fonti, inaenda kwa vitu za kazi kabisa. Ukiwa umejenga style yako yote juu ya efekti moja, siku ikivaa hiyo alama umeshikwa. Ndio maana nakuambia, style yako iwe kwa venye unakata. Kukata hakuna mtu atakulipisha.

Na usiweke project zote kwa cloud yao ukasahau. Januari 2025 CapCut ilizimwa Marekani pamoja na TikTok kwa mambo ya sheria. Watu waliamka app haifunguki na wateja wanangoja. Ilirudi, sawa, lakini hiyo asubuhi hakuna aliyejua. Video ukimaliza, chomoa, weka kopi mahali pako.

Sasa templeti. Hapa ndio najua utaninunia.

Templeti ni tamu, sikatai. Unachagua, unatupa klipu sita, inakata yenyewe, inaruka na beat, umemaliza kabla chai ipoe. Kwa birthday ya siste ni sawa kabisa. Lakini ukifungua TikTok ya Kanairo wiki yoyote, graduation ishirini ni moja. Gauni, kofia inarushwa, zoom, flash, mathe analia, zoom, flash. Templeti ya nganya pia, ile ya gari kuingia stage kwa slow halafu inaharakishwa beat ikianguka: mara ya kwanza nilisimama, siku hizi napita. Haina jasho ya mtu. Msee wangu, templeti ndio njiwa za kizazi yetu. Watoto wetu watacheki hizo zoom na flash waanguke chini wakicheka, na sitaki jina lako liwe hapo.

Chukua hiyo hiyo nganya nikushow venye inakatwa na mkono. Umesimama Umoja, jioni, mat imetoka kuchorwa, taa za chini ziko on, ngoma inatetemesha vioo. Uko na klipu nne: gari ikikuja, makanga akining'inia mlangoni, uso wa mtoi anashangaa pavement, na spika ndani. Mtu wa templeti anarusha zote kwa mashine. Wewe tulia. Anza na uso wa mtoi. Gari bado hatuioni. Weka sauti ya nganya chini ya huo uso, kwa mbali, ikipanda pole pole. Mtu anaangalia anaanza kujiuliza ni nini huyu mtoi ameona. Ndio sasa ukate kwa gari, lakini sauti yake iwe ilishafika kabla ya picha, kama nusu sekunde. Hiyo nusu sekunde inavuta mtu shingo. Na hakuna efekti hata moja imetumika, hakuna Pro, ni laini mbili tu, ya picha na ya sauti, yenye hata app ya chini kabisa iko nayo.

Beat nayo ni hesabu. Video ya simu nyingi ni fremu 30 kwa sekunde. Ngoma ikiwa beat 100 kwa dakika, kila beat inaanguka baada ya fremu 18. Ikiwa 120, fremu 15. Ukijua hiyo unaweza kukata bila kubahatisha. Lakini usikate kwa kila beat, utaumiza watu kichwa. Ruka moja, ruka tatu, halafu piga. Na kata fremu moja au mbili kabla ya beat, usingoje ipite. Jicho likichelewa kidogo tu, video yote inakaa imelewa. Kwa app za simu hapa ndio kuna shida ya ukweli: kidole ni kinene na taimlaini ni ndogo. Vuta na vidole viwili mpaka uone fremu moja moja. Watu wengi hawajui hata hiyo inawezekana, wanakata kwa macho tu wakiwa ndani ya mat, njia ya Rongai na matuta yake.

Na sauti. Manze, sauti.

Mtu atanunua ring light, atanunua tripodi, atalipa Pro, halafu anarekodi na maiki ya simu akiwa mita tatu, kando ya barabara, upepo unapiga. Video inapita kwa macho na inakufa kwa masikio. Watu watavumilia picha mbaya wakikuskia vizuri. Picha safi na sauti ya upepo watascroll kabla umalize kusema "niaje".

App ndogo haziwezi kukuokoa sana hapa, na ni vizuri ukubali mapema. Nyingi zinakupatia mstari wa kupandisha na kushusha volume, na kitufe cha kupunguza kelele. Hicho kitufe ukikibonyeza kwa kelele kubwa sauti yako inakuwa ya mtu ameongea ndani ya ndoo. Kupanga besi kando na maneno kando, kwa nyingi hakuna, ama imefichwa, ama ni ya kulipia. So kelele ikatie mlangoni. Maiki ndogo ya waya ya kubandika kwa kola, pale Luthuli, haifikishi thao kama unajua kubargain. Hakuna ya kununua? Rekodi sauti na simu ya pili ukiwa umeiweka mfuko wa shati, piga makofi mara moja mbele ya kamera, halafu kwa app utafute huo mlio na uzilinganishe. Hiyo kofi ni ya bure na inafanya kazi ya mashine.

Ngoma ya chini nayo ishushe. Chini zaidi. Ukifikiri imetosha, shusha tena kidogo. Halafu sikiza na spika ya simu, usiamini earphones peke yake, juu watu wengi watakuskia kwa spika ya simu yenye haina besi yoyote.

Kapsheni za otomatiki ni story ingine. Zinasaidia sana, juu watu kibao wanaangalia video na sauti imezimwa, kwa mat, kwa darasa, kwa kazi ya watu. Lakini hizi mashine hazikulelewa Eastlando. Unasema "niaje wasee wa mbogi", inaandika sentensi ya Kizungu yenye haijawahi kusemwa na binadamu. Ukichanganya Kiswahili, Kizungu na Sheng kwa pumzi moja, na sisi hatujui kubonga ingine, inapotea kabisa. Iandike mwenyewe. Inachosha, najua. Lakini kapsheni ya Sheng imeandikwa safi ndio inafanya mtu wa Kayole na mtu wa Kisumu Ndogo waseme "huyu ni wetu". Na fonti iwe moja. Nyeupe, mpaka mweusi, basi. Ukiona mtu ametumia fonti tano na rangi za disko, jua mzae wa njiwa amepata bundles.

Kitu ya mwisho yenye inaua watu ni nafasi. Kwa iPhone, video ya 1080p ya fremu 30 inakula kama MB 60 kila dakika. Ukipandisha 4K, fremu 30, ni MB 170. 4K fremu 60, MB 400. Dakika moja! Na utaipost kwa WhatsApp status, yenye itaikamua mpaka ibaki ukungu. Shoot 1080p, lala vizuri. Na ukimtumia msee klipu kwa WhatsApp, itume kama document, usitume kama video, la sivyo itafika imekonda.

Halafu ukimaliza kuedit, usifute zile klipu za mwanzo mbio mbio. Project kwa app za simu inategemea faili zile ziko kwa galeri. Ukifuta klipu kwa galeri, unaweza kurudi kwa project upate kisanduku cheusi. Captain Alex mwenyewe, ile filamu nilikuwa nakushow, faili zake za mwanzo hazipo. Diski ilikuwa ndogo, ikabidi Nabwana afute ndio apate nafasi ya filamu ingine. Kazi ya kwanza ya Wakaliwood kujulikana dunia nzima, na mwenyewe hana ile safi. Flash disk ni soo kadhaa, buda.

Na kuna sababu kubwa kuliko hiyo ya kuweka klipu za mwanzo. Juni 2024, wakati wa Finance Bill, nani alieleza watu ule mswada wa ushuru? Ni wasee wa rika letu, na hizi app ndogo, kwa Sheng na kwa lugha za ocha, kifungu baada ya kifungu, kwa video ya dakika moja. Wazae waliokuwa wanasema ni mchezo wakaanza kuforward. Tarehe 25 watu wakiandamana walipigwa risasi nje ya bunge. Tarehe 26 rais akakataa kuweka sahihi. Na Aprili 2025, BBC Africa Eye wakatoa Blood Parliament, wakafuatilia walioshika bunduki wakitumia picha na video zaidi ya 5,000, nyingi za watu wa kawaida na simu zao. Hiyo kazi inataka video vile ilitoka kwa kamera. Ukiipitisha kwa app, ukaweka filta, ukakata, ukapachika ngoma ya huzuni, unaibeba mbali na ukweli: saa na mahali vinaweza kupotea kwa faili, sauti ya risasi inafunikwa. Edit kopi. Ile ya kwanza usiiguse. Ikitokea uko mahali na kitu inafanyika, hiyo klipu mbaya, inatingika, bila kapsheni, inaweza kuwa ya maana kuliko kila kitu umewahi kupost.

Sawa. Ni lini sasa uhame?

Hama siku app imekukataza kitu unahitaji, na mteja amelipa deposit. Kabla ya hapo unatafuta tu vibe. Adobe Premiere, kwa bei ya Marekani, ni dola 22.99 kila mwezi ukifunga mwaka mzima, hiyo inakaribia thao 3, na ukiacha kulipa imefungwa. Mi nasema nenda DaVinci Resolve. Kabla Blackmagic wainunue 2009, mashine za DaVinci zilikuwa za mamia ya maelfu ya dola, za kupaka rangi filamu za Hollywood. Leo toleo la bure halina watamaki, linatoa mpaka 4K ya fremu 60, na lina ukurasa mzima wa sauti, ile kitu app za simu zinakunyima. Toleo la kulipa, Studio, ni dola 295, mara moja, kama thao 38, imeisha hiyo.

Kasoro yake? Mashine. Inataka RAM ya 16GB ndio icheke na wewe. Lapi ya ex-UK ya 4GB itaifungua, itafikiria maisha yake, halafu izime. Na klipu za simu zinakuja na spidi ya fremu yenye inabadilika badilika, so ukiziingiza kwa kompyuta sauti inaanza kuachana na mdomo pole pole. Pitisha klipu kwa HandBrake kwanza, ni ya bure, chagua fremu zisizobadilika, imekwisha. Editor anayekutoza doh kurekebisha hiyo amekuona mshamba.

So hii ndio rada yangu. Kama uko na simu tu, weka VN ama Edits. CapCut kaa nayo kwa vitu zake za bure, na project usiziachie. InShot ni ya status na vitu za haraka. KineMaster mpaka ulipe, ama uiache. APK za Telegram, kamwe.

Leo usiku kabla upost, fanya kitu moja. Funga macho, cheza video yako na usikize tu. Kama story imekuingia bila picha, post. Kama haijaingia, rudi kwa sauti, na usiguse efekti yoyote mpaka ikae. Halafu nitag, mi nitaangalia mpaka mwisho.